Mtani wa Kwenye Maiki

Watu husema Wahehe tuna hasira. Sibishi. Mimi ninazo za kunitosha na za kumwazima jirani. Ila hasira yangu si ya kupiga kelele ikaisha. Yangu inakaa. Inaamka na mimi, inafungua saluni na mimi pale Iringa mjini, na mteja akikaa nimsuke, nayo inavuta kiti inakaa. Yule kijana wa Mbeya hakulijua hilo. Angelijua angefunga domo lake mapema, na mimi leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Nianze na mdogo wangu, kwa sababu haya yote ni yake. Ni wa kike, ndiye anayenifuata, anauza nyanya Ilula kando ya barabara kuu. Basi likisimama anakimbia na beseni mpaka dirishani, anaita, anabembeleza, anauza. Basi likiondoka barabara inakuwa kimya, naye anarudi chini ya turubai na kushika simu. Gemu. Ni gemu la bunduki: mnashushwa kisiwani timu nyingi, kila timu watu wanne, mnatafutana, na timu itakayobaki hai mwishoni ndiyo imeshinda. Mnaongea kwa maiki mkiwa mnacheza, kuna mtu nyuma ya nyumba, nipe dawa, kimbia. Mimi nilijiunga ili niwe naisikia sauti yake mchana, maana saluni ikikosa wateja inachosha. Nacheza vibaya mpaka leo. Yeye ni hatari. Nimemwona kwa macho yangu, beseni la nyanya liko magotini, anamaliza timu nzima peke yake, halafu anainuka kumkimbilia abiria kama vile hakuna kilichotokea.

Tulikuwa kwenye grupu la wachezaji wa huku kwetu Nyanda za Juu: wa Iringa, wa Mbeya, mpaka vijana fulani wa Madibira waliokuwa wanacheza huku wanafukuza ndege kwenye mpunga. Admini wetu alikuwa mwalimu wa sekondari kule Mbeya, mtu mstaarabu, mpenda kanuni. Ukigombana na mwenzako yeye ndiye anayesikiliza, anayeonya na anayetoa mtu. Yeye ndiye pia aliyeandaa mashindano ya likizo, ukumbini Mbeya, timu zote ana kwa ana. Mdogo wangu alichaguliwa timu ya Iringa, msichana peke yake. Jamani, alivyofurahi! Huyu mtu alikuwa hajawahi kuchaguliwa popote. Hata kwaya ya usharika walimwambia asubiri, na anasubiri mpaka kesho.

Sasa huyo kijana. Yeye ni Mngoni, wazazi wake walitoka Songea, yeye kazaliwa Mbeya. Wangoni na sisi Wahehe ni watani tangu mababu zetu walipopigana mpaka wakachoshana. Mtani anaweza kukuambia maneno ambayo akisema mtu mwingine mnakwenda kituoni. Anakuambia unakula mbwa, unamwambia yeye mwizi wa kuku, mnacheka, mnagawana ugali. Mimi nimekua na hayo, nayapenda. Kwa hiyo alipotuingia kwenye grupu akitutania, sisi tulimkaribisha vizuri kabisa.

Mama yetu alikuwa anaishi na mdogo wangu. Zamani ndiye aliyekuwa akikimbilia mabasi na beseni; sasa alikuwa anakaa nyuma ya meza akichambua nyanya, mbivu huku, zilizobonyea kule. Kifua kilikuwa kinamsumbua. Mdogo wangu akifungua maiki, kikohozi cha mama kinapita wazi. Siku ya kwanza yule kijana akasema, "Nyie Wahehe, zimeni hiyo trekta, hatusikii maadui!" Tukacheka. Mama mwenyewe alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa tena, akasema, "Mwambieni mtani alete dizeli."

Hapo ndipo palipopaswa kuishia. Thubutu! Kijana akaona kumbe kuna soko. Akaanza kukiiga kile kikohozi. Alijifunza vizuri, mjinga yule: viwili vifupi, kimoja kirefu, na kile kifilimbi cha mwisho wakati mama anavuta pumzi. Wenzake wa Mbeya wakawa wanamwagiza kabisa, "Tupigie trekta, tupigie trekta." Kila tukiingia kwenye gemu, trekta. Mama hali ikawa mbaya, tukawa tunampeleka hospitali na kumrudisha, na huku kwenye maiki trekta. Mdogo wangu akamwomba kwa upole aache, mama anaumwa kweli. Akajibu kwa kukohoa.

Mdogo wangu akabonyeza kitufe cha kuripoti. Gemu likamshukuru. Akaripoti tena, likamshukuru tena. Hao wenye gemu wana shukrani sana, sijawahi kuona. Tukampelekea admini. Mwalimu akatuandikia kwa ile heshima yake: "Ndugu zangu, huo si utani wa kawaida? Ninyi na Wangoni ni watani. Tuvumiliane." Mimi nikasonya peke yangu mpaka mteja akageuka kunitazama.

Halafu mama akafariki.

Niseme jinsi watani wa kweli walivyokuja, ili mtu asije akasema naonea kabila la watu. Ilula kuna Wangoni kadhaa, na kuna bibi mmoja wa Kingoni ambaye hakuna msiba wa Wahehe unaompita. Alifika kabla ya ndugu zetu wengine. Aliosha masufuria, akapika uji wa walioshinda na maiti, akawapangia wanaume kazi ya kaburi na kuwatukana waliokuwa wanachimba polepole. Ndipo, wakati kila mtu kaelemewa na kilio, akaingia ndani akatoka amevaa sweta la kijani la mama, kajifunga khanga ya mama, na beseni kichwani. Akaenda kusimama mbele ya gari lililokuja na wachungaji, akaanza kugonga dirisha, "Chagua upesi, basi linaondoka! Hizi ni nyanya, huchagui mchumba!" Ilikuwa sauti ya mama ile ile, na mkono kiunoni ule ule. Loo! Watu walicheka huku machozi yanatiririka. Mdogo wangu, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, alicheka mpaka akakaa chini. Utani ni huo. Mtu kakufanyia kazi yako yote ya uchungu, halafu ndiyo anakuchekesha.

Baada ya mazishi mdogo wangu alirudi kwenye meza ya nyanya, na siku moja mchana akaingia kwenye gemu kupumzisha kichwa. Timu za mashindano zilikuwa zinafanya mazoezi, Iringa na Mbeya, maiki wazi kwa wote. Grupu zima lilikuwa limeshatangaziwa msiba, kila mtu kaandika pole yake. Mimi nilikuwa nasuka mteja, simu iko mezani, spika wazi, nasikiliza tu.

Yule kijana akafungua maiki. Akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu, na kifilimbi. Halafu akasema, "Aa, kumbe imezimika jumla."

Wenzake wakacheka.

Nywele za mteja zilinitoka mkononi. Mimi nina miaka yangu, nimetukanwa na watu wa kila aina, lakini lile lilinizidi. Na mdogo wangu, ambaye hajawahi kumwambia mtu hata "mshenzi", akafunga maiki akaanza kuandika. Aliandika matusi. Sitayarudia hapa, mimi ni Mkristo, ila mengine nilikuwa siyajui na nimeyahifadhi. Aliandika kwa Kiswahili na Kihehe, akamwandikia yeye na ukoo wake na anayemkatia nywele.

Sasa ona werevu wa wajinga. Yule kijana hakujibu kitu. Yeye na wenzake wote wa timu wakabonyeza kuripoti, mmoja baada ya mwingine, matusi yako pale yameandikwa, yanasomeka. Kikohozi hakisomeki. Hakuna mtu aliyerekodi. Kabla mteja wangu hajamaliza kusukwa, akaunti ya mdogo wangu ilikuwa imefungiwa moja kwa moja, kila alichokipata humo kwa miaka kimekwenda. Nikawaandikia wenye gemu, nikaeleza msiba, nikaeleza kila kitu. Wakanishukuru.

Admini naye akamtoa kwenye grupu na kwenye timu ya Iringa. Nilimpigia simu. Nikamwamkia kwanza, maana mama alitulea, halafu nikamuuliza, "Mwalimu, umemtoa aliyefiwa ukamwacha aliyemcheka maiti?"

Akasema, "Dada yangu, nakuelewa kabisa. Lakini mimi natumia ushahidi. Matusi yameandikwa, kila mtu ameyaona. Huyu kijana anasema alifanya utani wa msiba, na utani wa msiba upo, hata ninyi mnajua. Nikimtoa kwa hilo nitakuwa nimeingilia mila za watu."

"Kwa hiyo ni utani?"

"Ni utani, dada."

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema."

"Haya," nikamwambia. "Asante sana, mwalimu. Kama ni utani, basi tutataniana."

Nilipokata simu nilikuwa natabasamu. Mteja akaniuliza kama ni habari njema. Nikamwambia ni nzuri sana.

Jumapili nikaenda Ilula. Mdogo wangu alinipa simu yake ikiwa imezimwa. "Iuze," akasema. "Mimi gemu nimeacha."

"Na mashindano?"

"Mashindano gani? Nimefukuzwa kama mwizi. Grupu zima linajua mimi ni mtukanaji." Akainua beseni, basi lilikuwa linasimama. Akaenda mpaka dirishani akasimama tu, kimya. Haiti, habembelezi. Abiria wakanunua kwa msichana wa meza ya jirani. Mimi nilimtazama akirudi na nyanya zote, na pale pale nikaapa kwamba yule kijana atanirudishia huyu mtoto kama alivyokuwa. Likizo ilikuwa bado wiki chache. Niliweka simu kwenye mkoba wangu, sikuiuza.

Kumpata haikuwa kazi. Mtu anayependa sifa huacha nyayo kila mahali. Alishawahi kutuma picha kwenye grupu akijionyesha na simu mpya, na nyuma yake mama yake yuko kwenye meza ya dagaa, soko la Mwanjelwa. Nikafunga saluni, nikapanda basi la Mbeya. Njia nzima nilikuwa nikijipangia maneno. Tulipofika nilikuwa nimeyapanga, nimeyapangua, nimebaki na machache yale makali.

Nilimkuta. Mama mfupi, mnene, ana sauti ya kusikika soko zima. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, dagaa?" Nikamwambia sikufuata dagaa, nimemfuata kwa ajili ya kijana wake. Akaniangalia kuanzia kichwani, akashuka, akasimama tumboni.

"Kama ni mimba sema," akasema. "Tusizungushane."

"Si mimba, mama. Ni msiba."

Nikamwambia mimi ni Mhehe kutoka Iringa. Uso ukabadilika papo hapo, ukacheka. "Kumbe wala mbwa mmefika mpaka huku! Karibu mtani!" Akanivutia kigoda. Nilikaa, na nusura nimpende, nikajizuia. Nikamweleza. Mama yetu amefariki, mwanao ni mtani wetu, na mwanao amefanya utani kwenye msiba wetu.

"Ehe," akasema, bado anacheka. "Alikuja lini huko?"

"Hakuja, mama."

"Alituma mtu?"

"Hakutuma."

"Sasa alifanyaje utani? Alibeba maji? Alichimba?"

"Alikohoa kwenye simu," nikasema. Nikamwonyesha jinsi alivyokohoa. Nikamwambia na lile neno la mwisho, la kuzimika.

 Yule mama alichukua kitambaa akafunika dagaa wake, taratibu, kama mtu anayefunga duka. Mimi nilitaka amwite kijana pale pale. Nilikuwa nimesafiri nikiliona kofi likitua mbele ya wauza dagaa wote, na nilitaka kulisikia. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Hapana," akasema. "Kofi la hapa litapoa kabla hujafika Makambako. Kaburi mnajengea lini?"

Kwetu kaburi huachwa udongo ushuke kwanza, ndipo ndugu na watani wanarudi kulijengea kwa saruji. Nikamtajia Jumamosi.

"Nitamleta mwenyewe," akasema. "Amesema yeye ni mtani, basi aje afanye kazi ya mtani. Na nyie msimwonee huruma."

"Huruma sina," nikamwambia, na hapo nilisema kweli tupu.

Nikampigia na mwalimu. Nikamwambia kuna kujengea kaburi la mama, kijana wa Mbeya anakuja kama mtani, na wewe kama kiongozi wetu si vizuri ukakosa. Akafurahi sana, maskini. Akasema huo ndio upatanisho. Nikamwambia ndiyo, mwalimu, upatanisho.

Mdogo wangu alipojua alinijia juu. "Nani kakutuma? Unaniletea huyo mtu mpaka kwenye kaburi la mama?" Nikamwambia anyamaze apike. Akapika, lakini hakunisemesha.

Jumamosi wakaja. Kijana mwenyewe sasa! Kale kasauti kote kale, kumbe kamtu kembamba, kamevaa raba nyeupe. Nilipoziona zile raba nilifurahi, nasema wazi. Akanisalimia, "Shikamoo dada," nikaiacha ikining'inia hapo. Mwalimu akanipa pole kwa mikono miwili. Mama yake akapita moja kwa moja jikoni, akafunga khanga kiunoni, akaanza kumenya ndizi.

Bibi yule wa Kingoni nilikuwa nimeshamweleza kila kitu. Akamwita kijana, "Wewe ndiye mtani wa simu? Shika ndoo." Bomba liko bondeni, makaburi yako juu mlimani. Akateka maji. Akapandisha mchanga. Akapandisha kokoto. Akikaa chini, bibi anamwita. Akiomba maji ya kunywa, anaambiwa achote kwenye ndoo yake mwenyewe. Watani wengine walimsindikiza njia nzima, "Trekta imekwama! Sukuma trekta!" maana nilikuwa nimewaambia na hilo. Zile raba zikawa za saruji. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe natazama, sikufanya kazi yoyote siku ile. Kuna watu wanaosema kisasi hakishibishi. Mimi nilikuwa nakula.

Kaburi lilipolainishwa tukarudi uwanjani kula. Watu wamekaa, sahani ziko mkononi. Bibi akaingia ndani akatoka na lile sweta la kijani. Akamtupia kijana mapajani.

"Vaa. Mwigize marehemu. Ni zamu yako."

Kijana akacheka kidogo, akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata. "Bibi, mimi sikumjua."

"Hukumjua? Mbona tunaambiwa ulikuwa unamwiga kila siku, Mbeya nzima inashangilia?"

Akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama sahani. Akamtazama mama yake. Mama yake akasema kwa ile sauti ya sokoni, "Vaa."

Akavaa. Sweta lilimpwaya. Akasimama katikati ya uwanja, na mdogo wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Nilimwona kijana anatafuta. Anatafuta mwendo, hana. Anatafuta neno la mama, hana. Alivyokuwa anapunga mkono kwa abiria, alivyokuwa anaimba bila kujua maneno, hana. Katika ulimwengu huu alikuwa anajua kitu kimoja tu cha mama yetu.

"Fanya unachokijua," mama yake akamwambia.

Akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Kifilimbi kilimshinda, kilikatika katikati.

Hakuna aliyecheka. Shangazi yetu aliweka sahani chini akaanza kulia. Mwalimu alikuwa amefunika mdomo, na hapo ndipo nilipojua kwamba siku zote zile alikuwa akisoma malalamiko yetu bila kukisikia kile kitu hata mara moja. Sasa amekisikia, kwenye uwanja wa wafiwa, kutoka kwenye sweta la marehemu.

Bibi akainuka akamvua lile sweta kwa mikono yake, mkono mmoja, na wa pili, kama anamvua mtoto. "Mtani anamwiga mtu," akasema. "Wewe umeiga ugonjwa."

Kijana akaanza kulia. Akasema samahani akiangalia chini. Nilimtazama nione kama nitamwonea huruma. Nilisubiri kidogo. Haikuja, nikaendelea kula.

Mwalimu ndiye aliyeshtuka. Akasimama na simu mkononi. "Dada zangu, mnisamehe. Namtoa sasa hivi. Kwenye grupu, kwenye mashindano, kila mahali. Hatacheza nasi tena."

Hilo ndilo nililolifuata mpaka Mbeya. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie bonyeza, mwalimu, bonyeza. Mdogo wangu akanitangulia.

"Usimtoe."

Watu wote wakageuka. Mimi nikasema, "Wewe! Una wazimu?"

"Nirudishe mimi," akamwambia mwalimu, hata mimi hakuniangalia. "Yeye mwache. Ukimtoa nitampigia wapi?" Akamnyooshea kijana mwiko. "Usije ukakosa siku hiyo. Umenisikia?"

"Atakuja," mama yake akajibu. "Hata kama ni kumfunga kamba."

Nilichukua mkoba wangu, nikatoa simu yake nikampa. Aliipokea bila asante, kama kawaida yake, akaiwasha.

Akaunti ya zamani haikurudi, wale wa shukrani waliendelea kushukuru. Alifungua mpya akaanza sifuri, kila nafasi aliyopata, chini ya turubai. Mwalimu akaweka kanuni kwamba mtu akilalamikia sauti, admini anaingia mwenyewe kwenye mchezo kusikiliza. Amechelewa, lakini ameweka. Na kule barabarani mabasi yakaanza kuitwa tena, jirani yake wa meza ndiye aliyenilalamikia kwamba kelele zimerudi.

Siku ya mashindano ukumbi wa Mbeya ulijaa vijana. Wachezaji wamekaa kwenye madawati na simu zao, na kwenye ukuta kuna kitambaa cheupe kinachoonyesha mchezo. Mdogo wangu kwenye timu ya Iringa, mtu wake wa kwenye gemu kavaa nguo za wanaoanza, zile mbaya za bure, vijana wakawa wanamcheka. Mama wa kijana alikuja kukaa na mimi, kabeba karanga za kuchemsha. Kijana yuko timu ya Mbeya, kakaa pembeni kabisa, hazungumzi na mtu.

Wakashushwa kisiwani. Wengine wote wakakimbilia kwenye majumba kutafuta silaha. Mdogo wangu akaokota kibunduki kimoja kidogo cha aibu, akaanza kukimbia. Akapita silaha nzuri hakuziokota. Wenzake wanamwita, haitiki. Akavuka mto, akapanda mlima, akamkuta kijana nyuma ya ukuta anachagua kofia. Alimpiga yeye tu. Mwenzake wa pembeni alimwacha hai.

Ukumbi ulilipuka. Kijana alikuwa wa kwanza kufa kwenye mashindano yale yote, kabla hata hajapiga risasi moja. Na sauti ya mdogo wangu ikatoka kwenye spika, wazi, ya kuita mabasi, "Iringa, nimemaliza langu. Sasa mko wapi? Nakuja."

Mama wa kijana alikuwa amesimama, karanga zimemwagika, anapiga makofi kuliko mtu yeyote. "Huyo! Mpige huyo!" Alipokaa akanigeukia, anahema, akanishika goti.

"Mtani," akasema, "sasa umeridhika?"

"Bado, mama," nikamwambia. "Kuna raundi nyingine."